Shajara ya mradi: kumpendekeza Mama wa Alhamisi apewe nishani ya Uingereza

Naiweka shajara hii kwa ajili ya Waswahili wenzangu wa huku Uingereza ambao nao wana mama au mzee wao anayestahili kutambuliwa. Jina la Mama silitaji, wala mji wetu, kwa sababu utaratibu unataka anayependekezwa asijue. Itoshe kusema tuko katikati ya Uingereza, na kwamba kila Alhamisi, katika ukumbi wa kanisa tunaopewa bure, mama mmoja wa Tanga huwapikia wazee wetu chakula cha mchana. Siku zilizobaki huwasindikiza hospitali kuwatafsiria. Alhamisi mimi kazi yangu ni kuendesha gari la kuwaleta wazee na kuwarudisha. Kumbukeni hilo la gari, litanigharimu huko mbele.

6 Januari 2024: Kwa nini sasa

Mama amesema akishafanyiwa upasuaji wa nyonga atamwachia mwingine sufuria. Amelisema huku anakuna nazi, wala hakuinua kichwa.

Usiku nikaingia kwenye tovuti ya serikali kusoma masharti. Lililonishtua ni kwamba anayependekezwa lazima awe bado yumo kazini katika jambo lile lile analosifiwa. Aliyekwisha kustaafu amechelewa, na aliyekufa hapewi kabisa, isipokuwa kwa nishani za ushujaa. Kwa hiyo muda tulio nao ni hadi nyonga itakapotengenezwa.

Mengine ya msingi, kwa ufupi. Kupendekeza ni bure na mtu yeyote anaweza. Fomu hujazwa mtandaoni, na lazima ziambatane barua zisizopungua mbili za watu wanaomfahamu mhusika. Majibu huchukua miezi 12 hadi 18. Huchagui wewe apewe nishani ipi, kamati ndiyo inayoamua. Mtu wa kazi za mtaani kama Mama mara nyingi huangukia BEM (British Empire Medal, yaani Medali ya Himaya ya Uingereza) au MBE (Member of the Order of the British Empire), iliyo ngazi ya juu yake. BEM ilisimamishwa mwaka 1993 ikarudishwa 2012, na hiyo huvishwa hapa hapa kwenye kaunti na Lord-Lieutenant, yaani mwakilishi wa Mfalme. MBE ndiyo ya kwenda kasri.

Kuna kampuni nimeikuta mtandaoni inayotoza mamia ya pauni kukuandikia fomu. Nilikaribia kuwapigia simu. Mke wangu akaniuliza, "Wao wamewahi kula wali wa Mama?" Nikaufunga ukurasa.

27 Januari 2024: Rasimu ya kwanza, takataka

Nimeandika kurasa mbili. Mama ni mwema, mnyenyekevu, mcha Mungu, nguzo ya jamii, hachoki, hajawahi kumnyima mtu. Nilipomaliza nilijiona mshairi.

Nikampelekea muuguzi mmoja mstaafu, Mwingereza, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimpokea Mama wodini na wagonjwa wetu. Alisoma, akavua miwani, akasema hakuna hata mstari mmoja unaomtofautisha huyu na bibi yeyote mwema duniani. Kabla ya Mama hali ilikuwaje? Baada ya Mama ikawaje? Nani ameliona kwa macho? Ndivyo kamati inavyouliza, na mimi sikuwa nimejibu hata moja.

Nadhani wengi wetu tutakwama hapa. Tumelelewa na "tenda wema nenda zako". Mtu anayehesabu sahani alizogawa tunamwona ana ria. Sasa fomu inataka idadi ya sahani.

Nikajaribu kurekebisha kwa kuandika "maelfu ya watu". Muuguzi akapiga mstari mwekundu: maelfu mangapi, na umejuaje?

10 Februari 2024: Siri imevuja, nusura

Kosa langu kubwa la kwanza. Nilitafuta watu wa kuandika barua kwa kutuma ujumbe mmoja kwa watu sita kwa pamoja. Mmoja wao, mzee wa watu, hakutofautisha ujumbe wangu na kundi la WhatsApp la jumuiya. Saa tatu usiku akaweka kwenye kundi: "Hongera sana Mama yetu kwa kuteuliwa na Mfalme!!" na maua kumi na mawili.

Mama yumo kwenye kundi hilo.

Nilimpigia mzee akafuta, lakini watu wanne walikuwa wameshajibu "Mashallah". Asubuhi Mama akanipigia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Eti Mfalme kaniteua. Kaniteua nini, baba?"

Nikasema ni ule mchezo wa picha unaozunguka mtandaoni, unaweka jina unaambiwa wewe ni malkia wa wapi. Akasema watu wazima hawana kazi. Sijui kama aliniamini.

Tangu siku hiyo kanuni ni moja: simu, mtu mmoja mmoja, na hakiandikwi kitu kwenye kundi lolote. Kati ya wale sita nimebaki na watatu.

2 Machi 2024: Madaftari

Suluhisho la hesabu lilikuwa kwenye kabati la jikoni la ukumbi, chini ya magunia ya mchele, na nimelipita kila wiki kwa miaka.

Mama ana daftari. Kila Alhamisi anaandika waliokuja, si kwa ajili ya takwimu, ila asije akampa mtu wa kisukari juisi ya ukwaju yenye sukari. Kila jina lina alama yake: "suk", "pr" kwa presha, "meno" kwa wasioweza kutafuna, "hali ng'ombe". Mtu akikosekana wiki mbili, anawekewa duara, na duara maana yake Mama atakwenda kugonga mlango. Yako kumi na manne, la kwanza la mwaka 2009.

Kuyapata bila kusema ukweli ilibidi nimdanganye tena. Nilisema nataka kupiga hesabu ya mchele ili tuombe punguzo dukani. Akanipa yote, ila akasema la mwaka 2014 nilitunze, lina majina ya waliotangulia wengi.

Mimi na mke wangu tumehesabu Jumamosi mbili. Alhamisi 611. Sahani 14,053, kwa wastani wa watu 23 kwa siku. Miduara 187. Mwaka ambao ukumbi ulifungwa kwa korona hakuna Alhamisi, lakini kuna orodha ya milango, kwani alikuwa akipeleka vyakula kwenye vikopo na kuviacha kizingitini. Hizo hatukuzihesabu kama sahani, tukazitaja peke yake.

Anayetaka kuiga asianze na fomu. Aanze kwa kutafuta daftari. Kila mama wa namna hii ana mahali anapoandika: kalenda ya ukutani, nyuma ya bahasha, kitabu cha michango ya misiba.

23 Machi 2024: Barua

Ramadhani imeingia, chakula cha mchana kimegeuka futari, na wazee Wakristo nao wanakuja kwa sababu wanasema futari ina vitu vingi zaidi.

Barua ya sheikh imefika: kurasa tatu. Ya kwanza yote ni salamu na dua, ya pili ni fadhila za kuwalisha maskini, na Mama anatokea ukurasa wa tatu kwa mistari minne. Kumwambia sheikh apunguze si jambo jepesi. Nilikwenda kwake baada ya tarawehe, tukanywa uji, nikamwomba anisimulie tu siku moja anayoikumbuka. Akanisimulia usiku wa msiba wa dada mmoja aliyekuwa hana ndugu nchini. Mama alimwosha, akamkafini, na kesho yake akakaa na watoto wake watatu mpaka shangazi yao akafika kwa ndege siku ya nane. Nikamwambia, sheikh, andika hayo hayo tu. Barua ya pili ina ukurasa mmoja.

Ya muuguzi ndiyo itakayotubeba. Ameandika kuhusu mzee mmoja aliyelazwa na kupoteza Kiingereza chake chote kwa maradhi ya kusahau. Akabaki na Kiswahili peke yake. Siku mbili alikuwa akiita "Maggie, Maggie". Wauguzi wakadhani anamlilia mkewe, wakatafuta kwenye faili namba ya huyo Maggie. Mama alipoingia kumwona, alisimama mlangoni, akasema kwa Kiingereza chake: hana mke anayeitwa Maggie, anaomba maji. Tangu hapo wodi ile ikabandika ukutani karatasi ya maneno ishirini ya Kiswahili, kwa mwandiko wa Mama.

Nilikuwa sijui habari hiyo. Miaka yote nimempeleka Mama hospitali ile nikamsubiri kwenye gari.

Barua ya tatu, ya mfamasia wa mtaani, ni fupi na nzuri. Hakuna la kusimulia.

1 Juni 2024: Imetumwa

Fomu imekwenda, barua tatu na muhtasari wa madaftari. Picha za kurasa tumefunika majina, kwani magonjwa ya watu si yetu kuyatangaza. Nimepata namba ya kumbukumbu.

Jambo moja lilinikalisha macho kabla ya kubonyeza. Hizi nishani bado zina jina la Himaya. Zilianzishwa mwaka 1917, enzi za George wa 5, na neno halijabadilishwa. Mama alizaliwa Tanga mwaka 1950, bendera ya Uingereza ingali juu ya boma, na uhuru wa 1961 aliushangilia akiwa na miaka 11. Wapo waliokataa kwa sababu hiyo hiyo. Mshairi Benjamin Zephaniah alikataa OBE, ngazi moja juu ya MBE, mwaka 2003, na hakukataa kwa siri. Je, ninampendekeza mtu kwa kitu atakachokirudisha?

Utaratibu unalijua hilo. Anayekubaliwa huandikiwa kwanza kwa siri, wiki kadhaa kabla ya orodha ya wanaopewa nishani kutoka, aulizwe kama anapokea. Uamuzi utakuwa wake. Nimejipa moyo kwa hilo, ingawa mke wangu anasema nimejipa moyo haraka mno.

4 Julai 2024: Pasipoti

Leo ni uchaguzi mkuu, tena umeangukia Alhamisi. Baada ya kuosha vyombo nikampeleka Mama kupiga kura. Hajawahi kukosa uchaguzi hata mmoja tangu nimfahamu, na hiyo ndiyo sababu kwenye fomu, mahali pa uraia, niliandika "Mwingereza" bila kufikiri mara mbili.

Siku hizi lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Msimamizi akaomba. Mama akafungua mkoba, akatoa pasipoti. Nembo juu yake ni ya bwana na bibi na mlima Kilimanjaro. Msimamizi akaangalia picha, akaangalia uso, akampa karatasi ya kura. Mimi nilibaki nimesimama.

Kumbe raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anapiga kura, na pasipoti ya nchi hizo inakubalika kama kitambulisho. Mama ana kibali cha kukaa daima lakini hakuwahi kuomba uraia, kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na yeye ana shamba la minazi la baba yake ambalo hataki liwe la mgeni. Alinieleza haya kwenye gari, bila kuulizwa sana, huku anamenya chungwa.

Maana yake kwa mradi: asiye raia hapewi nishani kwa njia ya kawaida. Anaweza kupewa ile inayoitwa ya heshima, inayopitia Wizara ya Mambo ya Nje, na jina lake halitoki kwenye orodha ya Mwaka Mpya wala ya siku rasmi ya kuzaliwa kwa Mfalme pamoja na wengine. Kuishi nchini miaka thelathini hakubadilishi hilo. Mwenye uraia wa nchi ambayo Mfalme ndiye mkuu wake, kama Kanada au Jamaika, yeye anaingia mlango wa kawaida. Tanzania ni jamhuri, kwa hiyo sisi tunazunguka nyuma.

Usiku huo huo nikaandika barua pepe kwa ofisi ya nishani, nikataja namba ya kumbukumbu na kukiri kosa. Nimejibiwa mistari miwili kwamba marekebisho yamepokelewa.

Ukitaka kuiga, tafuta kujua uraia kabla ya yote. Usiulize "wewe ni raia?" maana mtu atadhani unatoka uhamiaji. Uliza akienda nyumbani analipia viza au halipii. Jibu utalipata humo humo.

17 Agosti 2024: Mlango wa pili

Muuguzi ndiye aliyelileta wazo. Ipo tuzo nyingine, ya Mfalme kwa kazi za kujitolea, ambayo hupewa kikundi na si mtu. Ilianza mwaka 2002, wakati wa miaka hamsini ya Malkia Elizabeth kwenye kiti, na huhesabiwa sawa na MBE ila ya vikundi. Kikundi kiwe na watu wawili au zaidi na kiwe kimefanya kazi miaka mitatu. Si lazima kiwe kimesajiliwa. Barua mbili. Mwisho wa kupokea ni tarehe 15 Septemba, matokeo Novemba ya mwaka unaofuata.

Nilifurahi nikaanza kujaza siku hiyo hiyo. Nilikuwa nusu ya fomu niliposoma kwamba anayependekeza asiwe mmoja wa wanaojitolea katika kikundi. Lile gari la Alhamisi. Nikafuta.

Kazi amekabidhiwa mfamasia, na kwa kuwa sasa yeye ndiye mpendekezaji, barua yake haifai tena hapa na imebidi tutafute mwingine. Amekubali mama mmoja ambaye baba yake alikuwa mzee wa "meno".

Tatizo jingine la kuchekesha: fomu inataka jina la kikundi, na sisi hatuna. Mtu akiuliza unakwenda wapi tunasema "Alhamisi". Tumekaa jikoni watu wanane tukabishana saa nzima. Yamependekezwa majina yenye Umoja, Upendo na Tumaini. Mama akatoka na mwiko akasema kama jina lipo tayari mnatafuta nini. Tumeandika Alhamisi.

Kwa hiyo hii ya kikundi Mama anaijua. Ya kwake peke yake bado siri, na kusema kweli imekuwa rahisi kuificha nyuma ya hii.

13 Septemba 2024: Ya kikundi imekwenda

Siku mbili kabla ya mwisho. Mfamasia ana mwandiko mkavu kuliko wangu, na fomu yake ni bora. Hesabu za madaftari tumezitumia tena, na safari hii Mama mwenyewe alisahihisha: tuliwahesabu mara mbili pacha wawili wenye jina moja la ukoo.

23 Januari 2025: Wageni wa Lord-Lieutenant

Tathmini ya vikundi hufanywa na watu wa ofisi ya Lord-Lieutenant wanaokuja kuona kwa macho. Wamekuja wawili, bwana na bibi, wamevaa vizuri, na kalamu mkononi.

Tulikuwa tumejiandaa vibaya. Vijana walitandika meza moja ya wageni yenye kitambaa cheupe, maua, na maji ya chupa. Mama alipoiona akaiondoa. Wageni wakakalishwa katikati ya wazee, mmoja upande wa "suk", mwingine upande wa "hali ng'ombe", wakapewa wali wa nazi, mchuzi wa samaki na mchicha. Yule bwana alijaribu kuuliza maswali kabla ya kula. Mama akamwambia kula kwanza, maswali hayapoi.

Walikaa hadi saa tisa. Waliuliza fedha zinatoka wapi, nikaona aibu kuwaonyesha kopo la biskuti ambamo kila mtu hutia anachoweza, lakini bibi yule alilipiga picha kwa ruhusa. Waliuliza nani atashika kazi Mama akipumzika. Swali hilo hatukulijibu vizuri. Tulitazamana. Kama tutakosa, nadhani tutakosa kwa hilo, na nyinyi mnaoiga liandaeni mapema.

Tangu siku hiyo mabinti wawili wamepewa daftari la mwaka huu walishike wao. Wanaandika kwenye simu kwanza, Mama anawataka wanakili kwa kalamu.

26 Juni 2025: Ilipo sasa

Orodha ya siku ya kuzaliwa kwa Mfalme imetoka katikati ya mwezi. Mama hayumo, wala kwa njia aliyopitia hakutarajiwa kuonekana humo. Ya kikundi ni mpaka tarehe 14 Novemba. Nyonga imetengenezwa mwezi Aprili na amerudi baada ya wiki saba, anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa jiko anaelekeza kwa fimbo. Kama kukaa kwenye kiti kunahesabika kuwa bado yumo kazini, waulizwe waliokoroga mchuzi chini ya fimbo hiyo.

Gharama hadi leo: kuchapa na kunakili pauni 7.20, chai na vitafunio vya kukaa na waandika barua 19.50, mafuta ya gari 24, bahasha, stempu na faili 5.30. Jumla 56. Muda sikuuhesabu tangu mwanzo, nao ningeuhesabu. Uongo niliomwambia Mama: mara tatu, pamoja na ule wa mchele. Punguzo la mchele, kwa jambo lisilotarajiwa, tumelipata kweli, maana ilibidi niende dukani kuuliza ili uongo usimame.

Madaftari nimeyarudisha Machi mwaka jana, ila leo Mama amenikumbusha kwamba yako kumi na matatu. La 2014 bado liko kwangu, kwenye droo ya juu. Nitalipeleka Alhamisi ijayo.